Waifai ya Bi Eneida

Bi Eneida Paulino alikuwa mshonaji wa sare za shule mjini Santiago de los Caballeros: mjane, mkavu wa mwili, mkali wa ulimi, lakini mkono wazi. Ukipita kwake na njaa, utakula. Ukipita na kifungo kimelegea, atakishona huku anakusema kwa uzembe wako. Anasa aliyojipa ilikuwa moja tu, waifai ya nyumbani, na hata hiyo aliiweka kwa ajili ya Nahomy, mjukuu wake wa pekee, aliyezaliwa ng'ambo, Zaragoza, na ambaye yeye hakuwahi kumshika hata kidole. Kila Jumapili baada ya misa alivaa hereni, akaegemeza simu kwenye cherehani, akamngoja mtoto atokee.

Sasa mtoto akawa anatokea vipande vipande. Anafungua mdomo, anaganda. Sauti inafika, picha imeshakwenda. "Bibi, sikusikii," halafu kimya. Yudelka, binti yake Bi Eneida na mama wa mtoto, alikuwa anaishia kusema, "Basi mama, tujaribu Jumapili ijayo," na Bi Eneida anavua hereni zake.

Akamwita fundi, mtu mmoja mnene wa maneno mengi aitwaye Fello. Fello akachungulia mambo ya kile kisanduku cha waifai kupitia simu yake, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Bi Eneida, humu mna harusi! Mtaa mzima umo. Neno lako la siri ni lipi?"

"Altagracia."

"Jina la Bikira! Mama yangu, nusu ya nchi hii imefunga mlango kwa Altagracia. Kwani wezi hawasali?"

"Nilitaka atulinde."

"Atakulinda na shetani. Majirani jilinde nao mwenyewe."

Akamwonyesha namna ya kubadilisha. Bi Eneida akaweka neno refu lisilo na utakatifu wowote: uzi, mkasi, kilemba, yote yameandikwa kwa pamoja. Fello akamwonya asimpe mtu. Akaitikia vizuri kabisa. Jioni ile ile akampa Milagros.

Msimlaumu. Milagros ndiye aliyembeba Yudelka siku ya ubatizo, na aliyembeba mwanao mbele ya padri si jirani tena, ni komadre wako. Komadre hanyimwi kitu. Kugombana na komadre ni dhambi ya kwenda kuungama. Nyumba zao zilishiriki ukuta mmoja, na Milagros alisema anataka kusikiliza rozari tu, basi.

"Ila usimpe mtu, komadre."

"Mimi? Mdomo wangu kaburi!"

Kaburi gani hilo! Wahenga hawakukosea, kikulacho ki nguoni mwako.

Ijumaa Kuu ikafika, siku ya maharage matamu. Kila nyumba huyapika kwa nazi, maziwa, viazi vitamu na karafuu, na kila nyumba hupeleka bakuli kwa majirani. Mwaka ule mlango wa Bi Eneida ulipoa. Yalikuja mabakuli ya kuhesabika. Akadhani watu wamechoshwa na ulimi wake, akajisemea shauri yao, akabeba bakuli lake kubwa kumpelekea komadre.

Meza ya Milagros haikuonekana kwa mabakuli. Mengine yalikuwa juu ya friji, mengine kwenye viti. Na Bolo, kinyozi wa pale kona, alikuwa ndiyo anaingia na la kwake.

"Hili la shukrani, Bi Milagros," alisema. "Bila waifai yako wateja wangenikimbia. Ila hilo neno jipya, aa! Uzi, mkasi, kilemba! Umetungiwa na fundi cherehani?"

Bi Eneida alisimama na bakuli la moto mikononi. Milagros akacheka kicheko kikavu.

"Komadre, usinune. Waifai si sukari, ukichota haipungui."

"Inapungua. Kwangu imekwisha."

"Watu wana shida zao, komadre."

"Wangeniomba mimi, ningewapa! Umegawa changu kwa jina lako, ukashukuriwa wewe. Wanakupikia wewe, Milagros!"

Tangu ubatizo ule hakuwahi kumwita kwa jina. Bolo akaliweka bakuli lake chini taratibu, akatoka kinyumenyume. Bi Eneida naye akageuka, akarudi na maharage yake nyumbani, kitu ambacho mtu hafanyi Ijumaa Kuu. Akabadilisha neno la siri, na safari hii hakumwambia mtu.

Jumapili ya Pasaka uso wa Nahomy ukatokea mzima. Bi Eneida aliliona pengo la jino, akaiona na chokoleti shavuni.

"Nahomy, mama! Unaniona?"

"Nakuona, Bibi." Mtoto akawa anachungulia nyuma yake. "Bibi Milagros yuko wapi?"

"Nani?"

"Bibi Milagros. Kila siku ananihadithia nikitaka kulala. Jana hakuja."

Yudelka akaingia kwenye picha, uso umemshuka. "Mama, nilijua unajua. Alisema kazi imekuzidi, tusikusumbue siku za katikati ya wiki. Alisema wewe ndiye umemtuma."

Hapo ndipo moyo ulipomchanika Bi Eneida. Maharage angesamehe, na Bolo na mtaa wake wote angewasamehe. Lakini usingizi wa mjukuu wake, kila siku ya Mungu, kwa waifai yake mwenyewe, nyuma ya ukuta wake mwenyewe! Alitaka kupiga ukelele, akajizuia, kwa sababu mtoto alikuwa anamtazama.

"Bibi, mbona haji?"

"Waifai imemkatikia, mwanangu."

"Nani ameikata?"

Bi Eneida akamtazama binti yake. Yudelka akainamisha macho.

"Mimi," Bi Eneida akasema.

Mtoto akaanza kulia, na alisikika vizuri sana.