Godoro la Chiriku

Fundi magodoro, waliyemwita Mzee Sufi, hakuwahi kulalia sponji maishani mwake. "Sponji ni mate ya kiwanda," alizoea kusema. Wateja walicheka, kisha wakavuka barabara kwenda kuinunua. Zamani mtu alijua godoro lake limejazwa nini, na hicho kimeota wapi. Siku hizi analala tu.

Mjukuu wake wa kike alipomaliza dawa za saratani, mzee alifanya kama baba yake alivyowafanyia wagonjwa wote wa nyumbani: aliyepona harudishwi kwenye godoro la ugonjwa. Alichambua sufi mpya, akaichapa fimbo mpaka ikafura na duka zima likajaa vumbi jeupe. Mtoto, aliyeitwa Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika, alikaa hapo hapo akimsimamia.

"Mume wangu, mshono umeenda kombo."

"Nyamaza. Nani mwingine angekuoa na kipara hicho?"

"Wewe chako cha tangu lini?"

Mtoto akacheka, na kikohozi kikakikata kicheko. Siku zikapita, kikohozi hakikwisha. Akawa hapandi ngazi za nyumbani bila kukaa njiani, na maneno yake yakawa mafupi.

Daktari aliinua picha ya kifua kwenye mwanga. "Mapafu yana makovu, mzee. Zile dawa zilizomponya ndizo zilizoyaumiza. Huwa inatokea."

"Na sufi yangu?"

"Siyo iliyoanzisha. Lakini vumbi linamzidishia, hata hilo lililo kwenye nguo zako."

"Atapona?"

"Tutajitahidi asizidi. Makovu hayafutiki."

Mzee alilitoa godoro nje mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Akafunga duka, sindano ndefu ya baba yake akaiacha imechomekwa kwenye gunia, akavuka barabara.

"Leo jua limetokea wapi?" muuza sponji akamtania.

"Nipe ya mtoto."

Yule akamtazama usoni, akaacha kucheka.

Jioni mzee alioga, akavaa kanzu isiyowahi kuingia dukani, akaketi kando ya kitanda. Chiriku alikuwa akiibonyeza sponji kwa kidole.

"Mate ya kiwanda hayo," mzee akasema.

"Laini," akajibu mtoto. "Lakini..."

Akatafuta pumzi. Mzee akainamisha kichwa, akangoja amalizie.