Nyimbo za Nyuma ya Mlango

Neno lililombakia mama baada ya kiharusi lilikuwa moja tu: basi. Ukimletea chai, basi. Ukimgeuza kitandani, basi. Akitaka dirisha lifunguliwe, basi, na akitaka lifungwe, basi ileile. Mwanzoni nilidhani ananikataza kila kitu, nikawa nanuna. Baadaye nikajifunza kusikiliza sauti badala ya neno. Kulikuwa na basi ya njaa, kulikuwa na basi ya kuchoka, na kulikuwa na basi moja ndefu ya jioni ambayo sikuwahi kujua inataka nini. Hiyo ndiyo iliyoniumiza. Ananitazama, anaisema, mimi nakimbilia mto, maji, shuka, na yeye anafumba macho kwa kukata tamaa. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akibishana na wauza ndizi wa soko zima mpaka wanamwongezea ili aondoke.

Tunaishi Mafiga, mjini Morogoro, mimi na yeye, katika nyumba aliyoiacha marehemu baba. Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu ya miguu iko barazani, chini ya dirisha la chumba cha mama, na nikiinua kichwa naiona milima, siku inapotaka kuonekana. Asubuhi nyingi kunakuwa na ukungu tu, na unaweza kuapa kwamba hakuna kitu nyuma yake. Mwaka ule niliishi kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujaisha. Nashona, nasikia basi, naingia, natoka, nashona tena. Wakati mwingine nilikuta nimeshona mkono wa shati mahali pa kola, na sikumbuki nilifanya saa ngapi.

Aliyeleta habari ya kuimba ni daktari wa mazoezi. Alikuwa kijana kutoka kanda ya ziwa, mrefu, mpole, mwimbaji wa kwaya, na alikuwa akija nyumbani kila wiki kumnyoosha mama mkono na mguu wa kulia. Siku moja alimaliza kazi yake, akabaki amekaa kwenye kigoda akimtazama.

“Mama,” akaniambia, “maneno ya kuongea yana chumba chake kichwani. Kwa bibi, chumba hicho ndicho kilichoharibika. Lakini nyimbo zinakaa upande mwingine. Kuna wagonjwa hawawezi kusema maji, ila wakianza wimbo wanaumaliza wote na maneno yake. Tukipata wimbo unaomtoka bibi, tutaupachika maneno ya kila siku, huku anapigapiga kwa ule mkono mzima. Akizoea, tunauondoa wimbo polepole, maneno yanabaki.”

Niliona ananipoza tu, kama wanavyofanya watu wema. Nikamwambia ajaribu.

Akaanza na alichokijua, nyimbo za kanisani. Mama, aliyesomea chuo cha Kurani huko milimani tangu hajajua kufunga kanga, alimsikiliza kwa adabu zake zote hadi mwisho, kisha akasema basi. Nilicheka hadi nikatoka nje. Mimi nikajaribu kasida za maulidi. Kichwa chake kilifuata mahadhi, midomo ikachezacheza, lakini neno halikutoka. Tukajaribu dansi la zamani, lile alilokuwa akilisikiliza redioni na baba. Alilia machozi ya kimya, tukaliacha.

Kisha akateremka mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, kutoka kijijini kwao juu ya Mkuyuni. Alikuja na mkungu wa ndizi, magimbi, na harufu ya moshi kwenye kanga zake.

“Shikamoo mama mdogo.”

“Marahaba mwanangu. Dada yuko wapi?”

Hakuuliza dawa wala vipimo. Alikaa mkekani, akakilaza kichwa cha mama mapajani mwake, akaanza kumfumua nywele na kumsuka upya huku akiimba chinichini, kwa ile sauti ya watu wa juu inayopanda na kushuka hata wakisema jambo dogo. Mimi nilirudi kwenye cherehani. Alasiri ilikuwa nzito, kuku wamelala kivulini, na nadhani nilikuwa nasinzia na kitambaa mkononi niliposikia kwamba sauti mle ndani zimekuwa mbili. Ya pili ilikuwa ya mama. Ilikuwa inatoa maneno. Maneno ya Kiluguru, mazima, yamepangana, moja nyuma ya jingine.

Nilitupa kitambaa nikakimbilia ndani, nikamkuta mama mdogo mlangoni, ameuziba kwa mwili wake mwembamba.

“Hapa hapana, mwanangu. Kaa hukohuko.”

Akafunga mlango.

Msichana wa Kiluguru akivunja ungo huitwa mwali na kuwekwa ndani. Wanawake humfunda, humwimbia, na siku akitolewa nje huchezewa ngoma. Zile nyimbo za ndani haziimbwi mbele ya mwanamume, wala mbele ya mwanamke asiyewahi kukaa ndani, hata awe na wajukuu. Mimi sikukaa. Baba alikuja Morogoro kutoka mbali kufanya kazi kiwandani, na alisema binti yake atakaa darasani, hatakaa gizani. Mama hakubishana naye, na hilo ndilo jambo pekee ninalojua hakubishana na mtu. Kwa hiyo nimezaa, nimezika mume, nina mvi, lakini kwenye shughuli za ukoo wanawake wakiingia ndani mimi huachwa nje kuangalia masufuria. Nilikuwa nimezoea. Nilikuwa hata nafanya utani nalo.

Sasa mama yangu alikuwa amepata sauti yake, na sauti hiyo ilikuwa nyuma ya mlango nisioruhusiwa kuingia.

Ikawa hivyo kila alasiri. Mlango unafungwa, mimi nakaa barazani, na kupitia dirishani inanijia sauti ya mama yangu wa zamani, ile ya kabla ya kiharusi. Sikuwa naelewa maneno. Kiluguru changu ni cha salamu na cha sokoni. Nilikuwa naichukua sauti yenyewe tu, na milima mbele yangu ikiingia na kutoka kwenye ukungu, na kuna siku nilisahau kabisa kwamba mtu huyo mle ndani hawezi kuomba maji. Mlango ukifunguliwa, naingia na bakuli, ananitazama, anasema basi. Niliona wivu, na nilimchukia mama mdogo kwa muda wa kama kikombe kimoja cha chai kila siku.

Daktari wa mazoezi alifika alasiri mojawapo, akashuka kwenye bodaboda, na kabla hajanisalimia akainua mkono ninyamaze. Alisimama chini ya dirisha, uso umemwangaza.

“Huo ndio!” akanong’ona. “Huo ndio wimbo wake!”

“Hizo siyo za kwako,” nikamwambia. “Wala za kwangu.”

“Maneno siyahitaji, mama. Nahitaji mahadhi tu.” Akabaki pale akivumisha puani hadi akayashika yote, kwa sikio lake la kwaya. Sikuona ubaya wowote, na yeye hakuona.

Wiki iliyofuata tulimpeleka mama hospitali, mimi na mama mdogo. Chumba cha mazoezi kilikuwa wazi kwa ajili ya joto, na nje kwenye mabenchi walikaa wanawake walioteremka kutoka Matombo na Mkuyuni, na watoto wao, na magoti yao mabovu. Daktari aliushika mkono wa kushoto wa mama, akawa anaugongesha taratibu kwenye paja, na akaimba kwa kifua chote, kwa mahadhi yale ya dirishani: nataka uji, nataka uji, uji wa moto.

Bibi mmoja kwenye benchi alijifunika uso kwa kanga. Aliyekaa kando yake akasema, “Mungu wangu!” Wa tatu akapiga kigelegele, na hapo benchi zima likawaka.

“Ongeza daktari! Wa moto!”

Kijana wa watu alidhani wanamtia moyo, akaongeza sauti. Mama akaanza kutetemeka mabega. Nilimrukia nikidhani amepatwa tena, kumbe anacheka, anacheka bila sauti, machozi yanamtiririka, na upande wa uso uliolala ukijitahidi kufuata upande mzima. Mama mdogo alikuwa ameegemea ukuta, hana mbavu. Katika korido nzima, wasiojua kinachochekesha tulikuwa wawili, daktari na mimi.

“Kwani kulikuwa na nini?” nilimuuliza mama mdogo tukirudi.

“Uji,” akasema, akaanza upya kucheka.

Lakini jioni ile, mlango ulipofungwa, nilimsikia mama akiimba kwa Kiswahili, neno kwa neno: nataka uji. Nilikoroga uji, nikauacha mlangoni. Kesho yake yakaja maji. Kisha nigeuze, kisha mgongo unauma. Mama mdogo alikuwa akinitangazia kila neno kama mtu anayetoa habari za msibani, kwa sauti ya chini, na mimi nilikuwa nalipokea barazani. Nilipoingia na kumwimbia mwenyewe, kwa mahadhi yaleyale, na uji uleule wa adabu, mama aliuziba mdomo wake kwa mkono wa kushoto. Akanitikisia kichwa. Maneno yalikuwa yamebadilika, wimbo kwake ulikuwa uleule, na mimi nilikuwa mtoto.

Mvua zikakaribia, na mama mdogo akaanza kuzungumzia shamba lake.

“Nitamchukua dada,” akasema. “Twende naye juu. Huko wako wenzake wa kuimba naye.”

Daktari hakulipenda hilo hata kidogo. Nyumba ya mama mdogo haifikiwi na gari, na mteremko wake unawashinda wazima. Akienda huko mguu utakakamaa, alisema, na yeye hataweza kumfuata. “Anachohitaji ni mtu wa kuimba naye kila siku, hapahapa. Mama, wewe huwezi?”

“Siruhusiwi,” nikasema.

Alinitazama, kijana yule, akitafuta kama ninatania. Nilikuwa nimebaki na mambo mawili, na yote nilikuwa siyataki: kumwacha mama aende na maneno yake milimani nisimwone, au kubaki naye Mafiga na basi yake mpaka mwisho. Usingizi ulinipotea. Mchana nilikuwa naona vitu kama kupitia maji.

Alasiri ya mwisho, mfuko wa mama mdogo ukiwa tayari umefungwa, walijifungia kama kawaida. Mimi nilikaa kwenye cherehani na sketi za shule. Nilikuwa na hasira, na machozi, na nilikanyaga cherehani ile kama vile ndiyo yenye kosa. Sijui ni wakati gani mguu wangu uliingia kwenye mwendo wa wimbo. Niligundua tu pale uzi ulipokatika na mimi nikasimama. Ndani nako wimbo ukasimama.

Nikakanyaga tena. Wimbo ukaendelea palepale ulipokatikia. Nikauacha mguu. Kimya. Nikakanyaga, na mama yangu akaimba.

Mlango ukafunguliwa.

“Ni wewe unayepiga ngoma?” mama mdogo akauliza.

“Nashona, mama mdogo.”

“Unashona nini, mbona hakuna uzi?”

Nikatazama. Sindano ilikuwa tupu, na sketi ilikuwa na mstari mrefu wa matundu.

“Dada hataki kuendelea bila mguu wako,” akasema, na hakusema kwa furaha. Nyuma yake nilimwona mama ameegemezwa kwenye mito, mkono wa kushoto umeinuliwa juu ya shuka, ananitazama kwa yale macho ya jioni. Nikasubiri basi ije. Mdomo wake ulihangaika, ukakusanyika, ukaachia, ukakusanyika tena.

“Mwali,” akasema.

Hakuimba. Alisema.

Mama mdogo akageuka. “Nani? Huyu? Dada, huyu ana mvi!”

“Mwali,” mama akarudia, kwa ukali sasa, na mkono wake ukanionyesha mimi.

Mama mdogo alisimama akimtazama dada yake, kisha mimi, kisha akavua kanga ya mabegani, akanifunika kichwa chote kama wanavyofunikwa wasichana wadogo, na kunishika mkono kuniingiza, kwa kuwa sikuwa naona. Safari yake aliiahirisha. Wakaitwa pia wanawake wengine wa huko juu wanaoishi mjini, na yaliyofuata siyaandiki, maana nimeshaambiwa nani anapaswa kuyajua na nani hapaswi.

Hiki nitakiandika. Nilipoambiwa sasa niimbe mwenyewe, niliuanza ule wimbo wa kwanza huku nimekaa sakafuni, ulimi unajikwaa kwenye Kiluguru, uso unaniwaka kwa maana niliyokuwa nimeijua muda mfupi tu uliopita. Sikufika mbali. Mkono wa mama ulishuka kutoka kitandani ukanigonga begani.

“Siyo hivyo,” akasema, kavukavu, kama alivyokuwa akinisema maisha yangu yote. “Rudia.”