Nilivyouza maharage ya Fataki mtandaoni baada ya kuacha kuficha yalikotoka

Wakuu, poleni na mihangaiko. Humu ndani nimekuwa msomaji wa kimya muda mrefu, nakula maarifa yenu bure. Leo ni zamu yangu kuleta sahani. Haya yamenipata mwenyewe, na sehemu za aibu sijazikata.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Butembo, naishi Bunia mtaa wa Bigo. Nina kiduka cha vyakula mbele ya nyumba. Unga, mafuta, chumvi, basi.

Miaka ya vurugu nilikuwa na jirani, Mama Rebeka, aliyekimbia vita kijijini kwao Fataki. Tulipanga vyumba katika lupango moja, yaani ua mmoja, na kupikia jiko moja. Aliishi kwa kufulia watu nguo, yeye mwenye shamba lake!

Mambo yalipotulia kidogo (mnaujua utulivu wetu, unalala huku viatu viko karibu) akarudi kwao, akalima, akapanda.

Mavuno ya kwanza akanipakilia magunia manne ya maharage kwenye lori, na ujumbe wa sauti juu yake:

"Mama Grâce, weye iko na ile duka ya mu simu. Uniuzishie. Hii ikiharibika, nitarudia tena kufua nguo ya watu."

Niliusikiliza mara tatu.

Hiyo "duka ya mu simu" ilikuwa page yangu, imefunguliwa miezi miwili tu. Wateja wake wakubwa walikuwa dada zangu, ambao hawanunui, wanabonyeza like tu.

Na maharage hayasubiri. Wadudu wakishaingia ndani ya gunia, umekwisha. Msimu wa kupanda nao ulikuwa unakaribia, na mama wa watu hana kingine cha kuanzia.

Sasa sikieni ujinga wangu.

Kwanza, nilichukua picha ya maharage huko mtandaoni. Mekundu, yanang'aa, yamemwagwa kwenye kitambaa cheupe kama cha harusi. Nikaandika kwa Kifaransa kizuri, nikaweka na maua.

Pili, sikuandika yametoka wapi. Niliandika "maharage ya kwetu" tu. Niseme ukweli, niliogopa. Siku zile ukitaja kijiji fulani hapa mjini, kuna mtu atakuuliza ni shamba la nani, wa kabila gani, na maneno ya zamani yanaamka. Nikasema mimi ni mgeni kutoka Butembo, ya nini kujitia humo?

Wiki nzima ikapita. Komenti zilikuwa "Bei?" ukijibu, kimya.

Hatimaye akaja mteja mmoja wa kweli, Mama Furaha, kiongozi wa kwaya kanisani kwetu. Nikafungua gunia kwa furaha. Akatazama ndani, akatazama simu yake, akanitazama mimi.

"Picha iko nyekundu, gunia iko njano. Sa weye unaniuzia picha?"

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke. Akauliza yametoka wapi, nikababaika. Akafunga kikapu chake akaenda. Kufikia Jumapili kwaya nzima ilikuwa na habari zangu, sauti ya kwanza mpaka ya nne.

Siku chache baadaye Mama Rebeka akashuka mjini kwa pikipiki kuona mambo yanaendaje. Magunia yote manne yalikuwa yamesimama pale pale alipoyaacha dereva wa lori. Nikampa simu aone page. Aliitazama polepole. Hakunigombeza, na ingekuwa heri angenigombeza.

"Mbona jina ya Fataki haiko?" akauliza. "Uko naona haya juu yangu?"

Nikalia. Nikamweleza yote. Akacheka kidogo, akaomba sufuria.

"Kwetu ku soko, mutu anauliza kitu mbili tu. Imetoka kwa shamba ya nani, na inakula makala ngapi. Weye hukujibu hata moja."

Ni kweli tupu! Hapa makala, yaani mkaa, ni ghali, na kila mama anaogopa maharage yanayochemka tangu asubuhi mpaka watoto wanasinzia na njaa. Nami napika kila siku, nalijua hilo, nikaweka maua.

Tukatoa jiko uani. Akalijaza makala mara moja tu, mbele ya simu, akasema hakuna kuongeza. Akatia maharage. Mimi nikirekodi, yeye anaongea huku anapepea moto: jina lake, Fataki, shamba lake pale chini ya mteremko. "Nilikimbia, nikarudia, nikapanda. Hii njo mavuno ya kwanza."

Makala hayajaisha, maharage yameiva. Akaponda moja kwa vidole, kamera ikaona.

Nikaposti bila ua hata moja.

Komenti ya kwanza haikuuliza bei. Iliuliza, "Mama, njia iko muzuri sasa?" Ya pili ikauliza kama kile kisima bado kipo. Kumbe Bunia imejaa watu wa kule, wanatazama kwao kwenye sufuria yangu.

Mmoja akaandika neno baya la kikabila. Kabla sijafuta, Mama Furaha, yule yule, akamjibu: "Mimi si wa huko. Kesho nakuja na kikapo, na kwaya yangu."

Akaja kweli. Alitazama simu, akatazama gunia. "Sasa zinafanana," akasema.

Magunia matatu yaliondoka siku hizo. Ninamshukuru Mungu, ninamshukuru Mama Furaha na ulimi wake, na Mama Rebeka zaidi ya wote.

Nilichojifunza: mteja wa mtandaoni hawezi kushika wala kuonja, kwa hiyo mjibu swali ambalo angeuliza sokoni. Na usifiche bidhaa imetoka kwa nani.

Kutoka gunia la nne kuna oda moja siisahau. Mzee mmoja aliandika anataka makopo mawili, nisichambue. Alipofika akayamwaga kwenye kiganja, akawa anachagua punje moja moja.

"Hii si ya kula," akasema. "Niko narudia nyumbani, Fataki. Nitaipanda."

Nikampigia Mama Rebeka kumwambia. Akaniuliza mzee amechukua makopo mangapi.

"Umuongezee kopo ingine," akasema. "Siye huku tunakosa majirani."

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Unauza nini, na ni kitu gani umekificha kwenye page yako?