Mama na Dada Yake

Nimezunguka nchi hii zaidi ya miaka ishirini, Tabora, Mbeya, Songea, nikishika kila kazi mpaka nikajifunza kutengeneza tovuti. Niliporudi Kishanda, mama aliniona mlangoni akakimbilia ndani na kukomea. Kumbukumbu zilikuwa zimemtoka. Mdogo wangu wa kike, anayemtunza, akanishauri, "Kaka, kaa Bukoba kwanza. Azoee sura yako kwenye simu, kidogo kidogo."

Mlio wa simu humtia hofu. Kwa hiyo, katika chumba changu cha kupanga mjini, nilitengeneza ukurasa usioita: unafunguliwa tu, uso wangu unajaa kioo kizima cha simu. Nilitumia ndoano, vile vipande vya msimbo wa kompyuta vinavyosubiri jambo litokee ndipo vibadilishe kioo. Kabla picha yangu haijafika, kamera ya simu ingemwonyesha mama uso wake mwenyewe.

Siku ya kwanza nilimwona na kumsikia vizuri. "Wasibota, mae," nilimwamkia. Hakuitika. Alikuwa anacheka.

"Dada! Meno umeyapeleka wapi?" alisema kwa Kihaya. "Umezeeka mpaka unatisha. Haya kaa, nikupe punje za kahawa utafune."

Dada yake alizikwa mimi nikiwa Songea. Nikaelewa kosa: nilikuwa nimeacha matupu mabano ya ndoano, panapoandikwa jambo la kusubiriwa, basi ikafanya kazi mara moja tu, ukurasa ulipofunguka, wala haikungoja picha na sauti yangu. Mama alikuwa anajitazama, na sauti yangu haikumfikia.

Nilisahihisha jioni ileile. Ni neno moja tu ndani ya mabano. Kesho yake uso wangu ukamtokea.

Akachungulia nyuma ya simu. "Mzee, wewe ni nani? Dada yangu umemweka wapi?"

"Mae, ni mimi, mwanao."

"Mwanangu yuko shuleni. Ondoka hapo!" Akaanza kulia, na mdogo wangu akafunga ukurasa.

"Kaka, amekataa kula," aliniambia baadaye. "Anamtaka dada yake. Huwezi kuirudisha ile ya jana?"

Nililifuta lile neno.

Sasa kila mchana, nikitazama kutoka Bukoba, mama na dada yake wanaongea habari za migomba na za watu waliokufa zamani. Jana alimweleza kwamba ana mtoto wa kiume, msumbufu, hatulii nyumbani, lakini leo atawahi kutoka shule kwa sababu amempikia ndizi za ebitoke na maharage. Kisha akageukia mlangoni akaniita kwa jina.

Niliitika, ingawa najua sauti haifiki.