Waraka Nilioupigia Mistari

Hapa ninapokaa sasa, Bofu, ukuta wa chumba changu umepakana na darasa la twisheni. Kila Jumamosi asubuhi watoto huimba kwa pamoja: ox, oxen, child, children, foot, feet. Wana sauti nzuri, na mwalimu wao anajua kazi yake. Lakini wakifika kwenye majike na madume, wakaanza fox, vixen, mimi huinuka nikafungua redio kwa sauti kubwa, hata kama ni saa ya matangazo ya vifo. Jirani yangu hudhani sipendi kelele za watoto. Nyinyi nitawaambia kweli, maana hamnijui wala hamtanikuta njiani.

Nilikuwa darasa la tano, tukiishi Mtopanga, mimi na Bibi yangu mzaa mama. Mwalimu wetu wa Kiingereza, Mwalimu Karisa, alikuwa mtu mrefu mwenye shati lililopigwa pasi mpaka ukaogopa kumgusa. Muhula mzima alitufundisha nomino. Kulikuwa na majina ya watu na mahali, ambayo huanza kwa herufi kubwa hata kama mwenyewe si mtu wa maana. Kulikuwa na majina ya vitu vya kawaida, na ya makundi, na ya vitu visivyoshikika kwa mkono, kama hofu na uongo. Kisha Kizungu kikataka kujua nani mume na nani mke. Sisi tuliozoea kusema kuku ni kuku, tukimtaka jogoo tunamtaja, tulilazimika kukariri jike la mnyama ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona. Na wingi ndio uliotutoa jasho, kwani panya wakiwa wawili jina lao lilibadilika utadhani wamehama mtaa.

Kazi ya nyumbani ilikuwa moja kila wiki. Tafuta karatasi yoyote ya Kizungu, pigia nomino zote mstari mwekundu, uilete. Mimi sikuwa na shida ya karatasi, kwa sababu Bibi alikuwa akiuza viazi vya karai mlangoni na alifungia wateja kwa magazeti ya zamani. Gazeti likilowa mafuta, maneno ya upande wa nyuma huonekana mbele, nami nilipigia mistari kurasa mbili kwa mpigo mmoja. Nilipata vema karibu zote. Bibi, ambaye hakuwahi kukaa kwenye dawati, aliwaambia wateja wake, "Huyu mjukuu wangu Kizungu chote amekimaliza," nami nilisimama hapo nikajifanya sijasikia.

Sasa niwaambie siri yangu ya wakati ule. Majina niliyajua, lakini yalikuwa yakifanyiana nini ndani ya sentensi, sikujua hata kidogo. Niliweza kuona "mtu" na "mlango" na "moto" katika mstari mmoja, nisijue kama mtu ameuzima moto au ameuwasha.

Nyumba ilikuwa ya Bibi, lakini ardhi haikuwa yake. Kwetu Mombasa hilo si ajabu, mtu hujenga juu ya ardhi ya mwingine kwa makubaliano, na nyumba ikabaki yake miaka na miaka. Bibi alikuwa na karatasi ya makubaliano hayo, yenye sahihi ya mwenye ardhi wa zamani, ameihifadhi ndani ya mkebe wa biskuti. Mwenye ardhi alikuwa ameshakufa. Mwaka ule walikuja wanaume watatu na chombo cha kupimia chenye miguu mitatu, wakaingia uani bila hodi wala salamu, wakapigilia vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu. Kimoja walikichoma katikati ya banda la kuku. Bibi aliwauliza kuna nini, wakamwambia atajua. Mtaani watu walisema labda ni watu wa mifereji ya maji, kwa kuwa maji tulikuwa tumeahidiwa tangu zamani. Walisema hivyo kwa sauti ya chini, na hakuna aliyeking'oa kigingi hata kimoja.

Siku chache baadaye, wiki ileile tuliyokuwa tukikariri fox na vixen, akaja kijana wa pikipiki. Alimwekesha Bibi dole gumba kwenye daftari, akampa bahasha ya kaki, akaenda zake. Ilikuwa adhuhuri, na wanawake wawili walikuwa wakisubiri viazi.

"Mwanaidi we!"

"Abee, Bibi."

"Njoo unsomee huu waraka. Wasemaje?"

Niliufungua. Niliona kiwanja, mwenyewe, siku, ofisi, pingamizi, hati. Nomino tupu, zote nazijua kwa sura, na katikati yake msitu. Wale wanawake walikuwa wakinitazama, na Bibi alikuwa ameshika upawa juu ya karai, mafuta yakidondoka, uso wake umejaa fahari. Ningesema sijui. Ni neno fupi sana, na mpaka leo nashangaa lilinishinda vipi.

"Ni wa maji, Bibi. Wataleta mfereji."

"Alhamdulillahi!" akasema, akanipa kiazi kikubwa kuliko vyote. Nilikila chote.

Siku ya kumi hivi, Mzee Athumani wa nyumba ya pili alikuja baada ya alasiri. Naye alikuwa amejenga kwenye ardhi ileile, na waraka wake alikuwa amesomewa na mwanawe anayefanya kazi Changamwe. Hakuketi.

"Bi Mwanakombo, wewe ushakwenda ofisini?"

"Nikafanye nini, Mzee? Si maji tu?"

"Maji!" Akamtazama, kisha akanitazama mimi. "Wangu haukutaja maji. Wataka kila mwenye nyumba apeleke karatasi zake kabla ya siku kumi na nne kwisha. Hebu usomwe tena."

Alipoondoka, Bibi aliniita. Hakuwa na hasira wala shaka, wallahi, ningemwona. Alinipa waraka tu, akafuta mikono kwenye leso yake. Niliinamia karatasi muda mrefu, nikijua kabisa kwamba huu ndio mlango wa kutokea. Nikasema, "Wa Mzee labda ni mwingine, Bibi. Huu ni wa maji." Na Bibi aliniamini mimi kuliko mtu mzima aliyekuja kwa miguu yake kumwonya.

Siku zikapita. Kila nikiingia uani nilikiona kigingi kile, kuku wakikizunguka. Hatimaye nilifanya jambo la woga lililofanana na ujasiri. Niliupigia waraka mistari myekundu, nomino zote, nikautia ndani ya daftari na kuupeleka kama kazi ya nyumbani.

Mwalimu Karisa aliniita nje ya darasa. Hakuwa ameweka vema wala kosa.

"Huu umefika lini kwenu?"

Nilimwambia. Alihesabu kwa vidole, akafumba macho. Muda ulikuwa umekwisha juzi.

Alikuja nyumbani mchana uleule, akausoma wote kwa Kiswahili, polepole: kiwanja kimepata mwenyewe mpya, na asiyepeleka pingamizi na hati zake ndani ya siku kumi na nne, nyumba yake itabomolewa. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na maji, mwalimu?"

"Maji hayamo, Bibi."

Bibi hakunitazama. Alizima jiko, na viazi vilikuwa bado vibichi ndani.

Kesho yake tulikwenda ofisini sote watatu, na ule mkebe wa biskuti. Benchi zilijaa watu wa Mtopanga. Karani hakuwa mtu mbaya. Aliitazama karatasi ya Bibi, akasema ni nzuri, ingemfaa sana ingekuja kwa wakati. "Lakini kama una sababu ya kuchelewa, mama, ieleze niiandike. Wako waliochelewa kwa sababu na wamepokewa."

Mwalimu Karisa akamwinamia Bibi. "Mwambie alikusomea mtoto. Mwambie tu ukweli."

Ndipo Bibi aliponitazama. Kisha akawatazama wale watu kwenye benchi, mmoja baada ya mwingine.

"Nilipuuza, mwanangu," alimwambia karani. "Waraka niliupata, nikauweka."

"Ulipuuza?"

"Nilipuuza."

Mwalimu alifungua kinywa, Bibi akamwekea mkono begani. Karani akaandika.

Nyumba ilibomolewa kabla ya muhula kwisha. Tulihamia kwa mama mdogo, huku Bofu, ambako Bibi alikuwa akiomba ruhusa kabla ya kuwasha jiko. Mtopanga walimkumbuka kama yule bibi aliyepuuza waraka, na Mzee Athumani alilisimulia hilo kila alipopata msikilizaji. Bibi alisikia yote, na mpaka anakufa hakusahihisha hata neno moja.

Miaka mingi nilidhani kwamba siku ile alipigwa na bumbuazi, hakujua la kusema. Nilipopata mtoto wangu mwenyewe ndipo nilipojua kwamba aliujua uzito wa kila neno. Alikuwa na nyumba upande mmoja na mimi upande wa pili, mbele ya watu ambao ningekulia machoni mwao, na alikuwa na muda wa kuvuta pumzi mbili tu kuamua. Na mimi katika pumzi hizo mbili nilikuwa nikimwomba Mungu kimoyomoyo Bibi asinitaje, hata kama nyumba itakwenda.