Taa Moja na Springi Sita

Karakana yake ilikuwa chumba cha mabati ubavuni mwa nyumba, na ndani mlikuwa na meza ya mbao iliyonyonya oili miaka mingi hadi ikawa nyeusi tititi. Alikuwa fundi wa matrekta tangu ujana wake, na watu walimwita Taa Moja. Jina hilo alilipata miaka miwili nyuma, siku springi ya valvu ya injini ilipofyatuka kwenye klampu iliyoibana ikampiga jicho la kushoto. Jicho halikupona. Aliporudi kutoka hospitali madereva wakasema gari la taa moja bado linafika, mradi lisikimbizwe. Naye akacheka pamoja nao, maana alijua akinuna wangemtafutia jina baya zaidi.

Jambo ambalo hakumwambia mtu ni kwamba tangu siku ile hakuwa amegusa springi ya valvu hata moja. Breki alifunga, mipira aliziba, gia alifungua na kurudisha. Ila mtu akija na silinda hedi, ile sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu na springi zake, sababu zilikuwa tayari mdomoni: kazi zimemzidi, mgongo unamsumbua, klampu ya kubania springi amemwazima fundi fulani aliyehama. Klampu yenyewe ilikuwa stoo, nyuma ya magunia, imeviringishwa kwenye gazeti. Aliyeiviringisha ni yeye.

Asubuhi moja shemeji yake, kaka wa mkewe, akaingia akisukuma toroli. Ndani yake mlikuwa na hedi ya trekta lake kuukuu la silinda tatu, pamoja na ndoo ya vipande vyake: valvu sita, springi sita, kofia za springi na vipande vidogo vya kuzishikia. Fundi mwingine aliyeifungua alisaga valvu, akapata kazi ya mbali, akaaga kwa simu.

"Shemeji, mvua ndiyo hiyo inakuja na shamba halijalimwa hata mstari mmoja," akasema shemeji. "Nifungie hii tafadhali."

"Ningekufungia leo leo, shemeji. Tatizo klampu sina."

Upande wa pili wa bati cherehani ikanyamaza. Mkewe alikuwa mshonaji, na chumba chake cha kushonea kilipakana na karakana. Punde akatokea mlangoni ameshika kitu kilichoviringishwa gazeti.

"Si hii hapa? Niliiona juzi nilipokuwa nafagia stoo."

Alisema kwa nia njema kabisa. Taa Moja akaipokea, akaiweka mezani bila kuifungua.

Shemeji alipoondoka, fundi akafunga mlango wa karakana kwa komeo. Akapanga valvu mezani, akazipaka oili, akaiingiza ya kwanza kwenye tundu lake, akaweka springi na kofia yake. Kazi iliyobaki aliijua kama anavyojua jina lake: kukaza klampu hadi springi ijikunje, kisha kuvichomeka vile vipande viwili vya nusu duara, vidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, kwenye mfuo wa shina la valvu. Vikikaa, vinaishika springi. Visipokaa, hairudi mahali pake, inaruka.

Akaanza kukaza. Springi ikalia kidogo, mlio mwembamba wa chuma kinachobanwa, na jicho lake la kulia likafumba lenyewe. Akabaki gizani kabisa, mikono ikishikilia kitu asichokiona. Akalegeza. Akajaribu tena. Likafumba tena. Mara ya tatu akalegeza, akaiacha klampu, akakaa chini sakafuni, kando ya ndoo.

Mkewe akagonga. "Baba watoto, mbona umejifungia?"

Alimfungulia, na kwa vile uongo wa klampu ulikuwa umeshakufa, hakuwa na nguvu ya kutunga mwingine. Akamweleza yote. Mkewe akasikiliza, akaitazama ile springi, akaigusa kwa ncha ya kidole.

"Wewe kaza," akasema. "Hivyo vidude nitaviweka mimi. Kazi yangu ni kutia uzi kwenye tundu la sindano, hili litanishinda?"

"Hapana. Ikiruka je? Unataka tubaki na macho mangapi humu ndani?"

Hofu yake sasa ilikuwa imemwingia na mkewe. Akaenda chumbani kwake, na cherehani ikasikika ikinguruma kwa tabu juu ya kitu kizito. Alirudi na mfuko wa turubai wa mikunjo miwili, mdomo wake una kamba ya kukazia, na ubavuni kuna mpasuko wa kupitisha vidole viwili tu. Akaufunika juu ya springi, akaufunga kwenye hedi. Kisha akavaa miwani ya kuchomelea iliyokuwa msumarini.

Valvu ya kwanza iliwachukua nusu saa. Mume anakaza huku jicho limefumba, mke anapapasa ndani ya mfuko, kipande kimebandikwa kwa grisi kwenye ncha ya bisibisi.

"Kimekaa."

"Una uhakika?"

"Legeza. Polepole."

Ya pili ikaingia, na ya tatu. Kwenye ya nne klampu iliteleza. Kitu kikapiga turubai kwa kishindo kama kofi, mfuko ukavimba, na mkewe akarudi nyuma hadi ukutani. Taa Moja hakuthubutu kumtazama. Aliita tu, "Mama watoto? Mama watoto?"

"Nipo. Yote mawili yapo."

Taa Moja akatoka nje akanawa uso. Aliporudi alimkuta mkewe amepiga magoti, anatafuta kipande kimoja kilichopenya kwenye mpasuko wa mfuko. Walikikuta kwenye pindo la gauni lake.

"Tuache," akasema fundi. "Nitamwambia shemeji ukweli."

"Mfuko umeikamata," akasema mkewe. "Tumeogopa, lakini umeikamata. Kaza."

Mchana walimaliza ya sita. Taa Moja akamsogeza mkewe mbali, akagonga kila shina kwa nyundo ya mpira kuhakikisha vipande vimekalia mahali pake. Hakuna kilichoruka.

Kesho yake mume na mke walikwenda shambani kwa shemeji. Fundi akafunga hedi juu ya injini, akasimamisha fito za kusukumia, moja moja, akaweka rokaamu zinazobonyeza valvu, akapima tapeti, ule uwazi kati ya rokaamu na valvu. Kabla ya kuwasha, aliizungusha injini kwa spana mizunguko miwili kamili, sikio limebanwa kwenye chuma, akingoja valvu ipige pistoni. Haikupiga. Hata hivyo shemeji alipopanda kuwasha, fundi alisimama hatua kumi nyuma, mkono umeshafunika jicho.

Trekta likakohoa, likatoa moshi mweusi, likakohoa tena, kisha likashika mlio mmoja. Fundi alisikiliza kwa muda mrefu kabla ya kuteremsha mkono.

"Shemeji, mkono wako haujapotea," akasema shemeji yake kwa furaha.

"Mkono ni wa dada yako. Mimi nilikuwa nimefumba macho."

Shemeji akacheka akidhani ni mzaha, akatia gia, akaenda. Hakuna aliyemsahihisha.

Tangu hapo Taa Moja hakatai tena hedi. Huwaambia wateja waje siku ambayo mshonaji hana oda nyingi, nao huona ajabu lakini huja. Springi ikilia, jicho bado hufumba. Siku nyingine hubaki wazi hadi valvu ya pili au ya tatu, na mkewe, vidole viko ndani ya turubai, humwambia amwangalie yeye usoni badala ya kuangalia springi.