Dawa ya Kusagia Kioo

Kioo kikisagwa juu ya kioo hutoa sauti ambayo sijaisikia mahali pengine popote. Si sauti ya jiwe la kusagia nafaka, wala si ya msumeno. Ni kama mtu anayetafuna mchanga polepole huku amefumba mdomo. Mwanzoni, unga ukiwa bado wa chengachenga, mlio huwa mkali hadi meno yanakufa ganzi; kadiri unga unavyolainika na maji kugeuka tope la kijivu, mlio unashuka, unashuka, mpaka unabaki mnong'ono tu, na hapo ndipo unapojua kwamba ni wakati wa kufuta na kutia unga mwingine. Sauti hiyo ndiyo iliyojaa uani kwetu Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, tangu baba alipozikwa hadi masika yaliyofuata. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minne. Mdogo wangu Shomari alikuwa na tisa, na Zuhura, kitinda mimba wetu, sita.

Baba alikuwa mhudumu wa maabara katika shule moja ya sekondari mjini Morogoro. Hakuwa msomi, alikuwa mtu wa kuosha chupa za wasomi na kusikiliza wanachosema. Huko alijifunza namna ya kutengeneza darubini kwa mkono. Unachukua vioo viwili vinene vya duara. Kimoja unakifunga juu ya pipa lililojazwa mchanga, cha pili unakilaza juu yake, katikati unatia unga mgumu na maji. Unasukuma mbele, unavuta nyuma, unakigeuza kidogo, unapiga hatua moja kulizunguka pipa, kisha unasukuma tena. Hakuna ujanja mwingine zaidi ya kurudia. Haba na haba, cha juu kinachimbika katikati kama kisahani, na cha chini kinavimba. Vyake alivikata kutoka kaunta iliyovunjika ya duka la vitambaa, vikiwa na upana wa sahani ya chai na unene wa kidole. Alituahidi kwamba siku kitakapokamilika tutaona mwezi una milima na mabonde kama ya kwetu, ila hauna mgomba hata mmoja.

Unga ule aliuita dawa. Ndivyo mafundi wote wanavyosema: kuna dawa ya viatu, dawa ya mende, dawa ya kung'arishia sakafu, na hakuna anayeshtuka. Sisi watoto tulilipokea neno kama lilivyo. Na kwa kuwa ukihesabu mizunguko kwa namba akili hupotea njiani, alitufundisha kuhesabu kwa majina ya ndugu. Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa bibi, wa pili wa mama, ambaye alifariki Zuhura akiwa bado ananyonya, na hivyo hivyo mpaka wa kumi na mbili, wa kufungia, ambao ulikuwa wa Mjomba Mkude, kaka mkubwa wa mama. Jina lake likishatajwa, tunafuta kioo na kuanza upya.

Homa ilimchukua baba kwa siku tatu, kioo kikiwa nusu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Kwa hiyo baada ya arobaini Mjomba Mkude alishuka kutoka Mgeta, akaketi barazani na wazee, akatutazama mmoja mmoja. Walizungumza juu ya kutugawa: huyu aende kwa fulani, yule kwa fulani. Nilipiga magoti mbele yake nikaomba tuachwe pamoja, kwamba mimi nitawalea. Aliniambia niinuke. Akasema yatima hadeki, lakini atatupa muda hadi masika; akija akikuta nyumba ni nyumba, atatuacha. Wiki ile nikaacha shule, sikurudi tena. Asubuhi nilikaanga mihogo na kuiuza njia ya kwenda Mazimbu, mchana nikapika, na alasiri, saa ambayo baba alikuwa akirudi kazini na ambayo tulikuwa hatujui tuifanye nini, tukawa tunasaga kioo.

Sikuanza kwa sababu ya mwezi. Nilianza kwa sababu ya Shomari. Tangu mazishi alikuwa hasemi. Ukimwita anakuja, ukimpa chakula anakula, lakini neno halimtoki. Siku moja nikamkuta amesimama kwenye pipa, anasukuma kioo na kutaja majina kwa sauti ndogo: bibi, mama, baba mkubwa. Nikashika upande wa pili. Zuhura akapewa kazi ya kunyunyiza maji. Siku zikapita hivyo, kiangazi kikaisha, vuli ikaja na kuondoka, na kila alasiri sauti ya mdogo wangu ilisikika mara kumi na mbili, kisha mara kumi na mbili tena. Jirani yetu Mama Rehema alikuwa akichungulia juu ya michongoma na kusema, "Nyie watoto, mnazunguka kama kuku aliyefungwa mguu. Hilo pipa lina nini?" Tulicheka. Zuhura akamjibu kwamba kuku anazunguka bure, sisi tuna kazi.

Masika yalipokaribia, tulifika kwenye kung'arisha. Baba alikuwa amesema hatua hiyo inataka mchanganyiko wa utomvu wa msonobari na nta, na juu yake ile poda nyekundu wanayotia kwenye sakafu za saruji. Nayo tuliiita dawa. Ilitupaka wekundu viganjani, kwenye kucha, kwenye pindo za nguo, na haikutoka kwa sabuni wala kwa mchanga. Kioo kilikuwa kimeanza kuwa cheusi na kirefu kama kisima. Ukikitazama kwa mbali unaona uso wako umepinduka.

Mjomba alifika siku moja bila kutuma habari, na mawingu yalikuwa yamefunika mlima wote mpaka mabondeni. Nilikuwa nimefagia ua, maji yalikuwa mtungini, unga wa ugali ulikuwepo, Shomari alikuwa amevaa shati safi. Tulimwamkia, akaitikia vizuri. Nilimwekea kiti uani, nikaingia jikoni kuchochea moto wa chai, na moyoni nilikuwa najihesabu kuwa nimeshinda. Kupitia mlango wa jiko nilimwona akiitazama mikono ya Zuhura. Akamwuliza kwa upole kilichompaka.

"Dawa," Zuhura alisema. "Tunasaga dawa ya baba."

Mjomba akalitazama pipa. Akauliza wanaisagaje. Zuhura akainuka kumwonyesha, akalizunguka pipa mara moja kwa fahari, akieleza kwamba kila mzunguko una jina la mtu.

"Majina ya nani?"

"Ya ndugu wote. Bibi, mama, baba mkubwa..." Kisha, kwa kutaka kumfurahisha mgeni, akaongeza, "Na wewe tunakutaja, mjomba. Kila siku. Wewe ndiye wa mwisho."

Nilitoka na birika mkononi nikiwa nimechelewa. Nilieleza yote: maabara, unga, darubini, milima ya mwezini. Nilimletea kioo akione. Hakukigusa. Nilimwomba asubiri jioni mwezi utoke nimwonyeshe kazi yenyewe, nikitumia lenzi ndogo aliyoiacha baba, lakini mvua ilianza hata kabla ya magharibi na haikukatika hadi asubuhi. Hakutukemea. Alikuwa mtu mpole, na nadhani aliniamini nusu. "Mwanangu," aliniambia, "mimi sikuiti mchawi. Lakini jirani wameona, na watoto wanasema. Nikiwaacha hapa, siku mtu akiumwa kwenye ukoo, watasema nini?" Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Kesho yake Shomari alipanda naye milimani kwenda kulima kabeji. Zuhura alichukuliwa na mama mdogo, akaenda Turiani, ambako mume wa mama mdogo alikuwa akikata miwa. Shomari hakulia. Alikuwa ameanza kusema maneno mengine mbali na yale majina, na siku hiyo akayaacha tena.

Mimi nilibaki Bigwa, na kioo nilikimalizia peke yangu. Nilikifunga kwenye bomba la plastiki, na jioni moja, baada ya mvua kukatika, nikauona mwezi mchanga juu ya mlima. Baba alisema kweli. Kulikuwa na mabonde yenye vivuli na vilele vilivyoshika mwanga peke yake, mahali ambapo pembeni bado ni giza. Nilitazama hadi shingo ikauma. Sikuwa na mtu wa kumwambia, "Sogea, na wewe uone."

Leo mwezi huo huo uko kwenye simu ya mtoto wa jirani yangu, mkubwa, wa rangi, na anaupitisha kwa kidole bila kusimama. Simlaumu. Mambo mengi ni mepesi sasa. Shomari ana mashamba yake Mgeta na watoto watatu, na anakohoa kabla ya kuzungumza kama mjomba alivyokuwa akikohoa. Nilipomkumbusha siku moja aliniuliza, "Kioo gani, dada?" na niliona kwamba haigizi. Zuhura ameolewa huko huko Turiani. Wote wawili wananiamkia kwa heshima inayomstahili mgeni. Nilifanya kazi za ndani, nikauza dukani kwa watu, nikawa na nyumba yenye vyumba vya kuwatosha, lakini nilipokuwa tayari kuwachukua, hawakuwa tena watoto wa kuchukuliwa.

Mwaka jana Mjomba Mkude alifariki, tukakutana sote Mgeta. Siku ya hitma mimi na Zuhura tulikaa nyuma ya nyumba tukichambua mchele kwenye nyungo mbili. Bila kuinua macho akaniambia, "Dada, ni mimi niliyetutenganisha. Nimelijua hilo tangu nina akili."

Sikuwa nimewahi kujua kwamba analibeba. Nikamwambia neno lile nilimfundisha mimi, nami nilifundishwa na baba, na baba aliliokota kwa mafundi. Nikamwambia pia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu: kwamba nilikuwa jikoni, hatua tano kutoka pale, na nilisikia swali la kwanza. Ningeweza kutoka palepale. Lakini mtu mzima alikuwa anazungumza, na mimi nilikuwa nimelelewa.

"Sasa ungemkatiza mjomba?" akauliza.

"Leo ningemkatiza."

Alitikisa kichwa, na chozi lake likaangukia mcheleni. Nilianza kumwambia mengine, mengi, lakini mzee mmoja alichungulia mlangoni akasema watu wanasoma, tupunguze sauti. Tukanyamaza.